Mkondo wa Amali Unamsubiri Mwalimu Wake

Januari 2024 shule 96 za sekondari nchini Tanzania zilipokea wanafunzi wa kidato cha kwanza ambao, pamoja na masomo ya kawaida, walianza kujifunza fani: umeme, uashi, useremala, ushonaji, kilimo, ufugaji, michezo na nyinginezo. Huo ndio mkondo wa amali, uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Mhitimu wake wa kidato cha nne anatarajiwa kutoka na vyeti viwili, kimoja cha Baraza la Mitihani na kingine cha NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Tangu hapo mazungumzo yamekuwa ya karakana, mashine na majengo: ngapi zimejengwa, ngapi bado, nani kapewa zabuni. Kwenye kurasa hizi nimewakalisha pamoja watu wanne wa kubuni. Yupo Afisa anayeitetea sera, Mchumi anayeitilia shaka, Fundi wa umeme mwenye karakana yake Gerezani, Dar es Salaam, na Mwalimu kijana mwenye shahada na asiye na ajira. Hakuna hata mmoja aliye mtu halisi, ila hoja wanazobeba zinasikika kila siku, na nimejitahidi kumwachia kila mmoja hoja yake ikiwa na meno. Mimi mwenyewe si mwenyekiti asiye na upande. Ninashikilia kwamba uhai wa sera hii uko kwa mtu atakayeingia darasani kufundisha fani, na kwamba namna serikali inavyomtafuta, inavyompima na inavyomlipa mtu huyo ilipaswa kuamuliwa kabla ya tofali la kwanza.

Afisa: Ndugu zangu, tusianze kwa lawama. Kwa miaka mingi tumesikia kilio kimoja, kwamba shule zetu zinatoa vijana wa kukariri. Mwajiri analia, mzazi analia, kijana mwenyewe analia. Sasa elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, ili mtoto asiachwe njiani akiwa bado mdogo na hana chochote mkononi. Elimu ya Biashara imeingizwa kwenye mtaala. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inajenga vyuo katika wilaya 64. Vitabu vinaandikwa, vifaa vinanunuliwa. Mnaniuliza walimu wako wapi. Watakuja. Hakuna nchi iliyosubiri kila kitu kitimie ndipo ikaanza, na nyinyi wenyewe ndio mtakaokuwa wa kwanza kutusema tukikaa kusubiri.

Afisa hasemi uongo, na hamu yake ya kuanza ninaielewa. Lakini ahadi kwamba walimu watakuja ina historia hapa nchini, na historia hiyo haiko upande wake. Azimio la Musoma la 1974 liliivuta mbele tarehe ya elimu ya msingi kwa wote, UPE, hadi 1977. Watoto walijaa madarasani haraka kuliko vyuo vya ualimu vilivyoweza kutoa walimu, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, na jina la mwalimu wa UPE likageuka kuwa namna ya kumdharau mtu. Wengi wao walifanya kazi kwa moyo kuliko walivyoheshimiwa, na hilo halijawahi kusemwa vya kutosha. Miongo mitatu baadaye zikaja sekondari za kata. Majengo yalipanda kwa nguvu za wananchi, na walipokosekana wa kufundisha, vijana wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa shuleni. Mtaani wakaitwa vodafasta, jina lililotoka kwenye vocha za simu za siku hizo. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, kabla hayajapangwa upya, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Sababu za matokeo yale zilikuwa nyingi, na si haki kuwabebesha walimu wale peke yao. Mpangilio wa matukio ndio unaonihangaisha: mara mbili taifa limejenga kwanza na kutafuta mwalimu baadaye, na mara mbili aliyelipia ni mtoto aliyekuwa amekaa darasani wakati mwalimu anatafutwa.

Mchumi: Mimi nina wasiwasi wa chini zaidi ya huo, na nisingependa tuupite haraka. Mnagombana juu ya nani afundishe fani, kana kwamba imeshathibitishwa kuwa kufundisha fani sekondari kunaleta ajira. Mwaka 1965 Philip Foster, akiandika kutokana na aliyoyaona Ghana, alionyesha kwamba vijana hawakuwa wajinga walipozikimbia shule za ufundi. Walisoma soko vizuri kuliko wapanga sera: waliona kazi zenye mshahara na heshima ziko ofisini, na cheti cha masomo ya jumla ndicho kinachofungua milango ile. Mtaala haubadilishi soko. Na sisi tumeshajaribu. Sekondari za Tanzania ziligawiwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Benki ya Dunia ikapima, na mwaka 1985 George Psacharopoulos na William Loxley wakachapisha matokeo ya Colombia na Tanzania. Shule za michepuo ziligharimu zaidi, na wahitimu wake hawakuonyesha faida ya wazi katika soko la ajira kuwazidi wenzao. Bwana Afisa, unauza nguo ya zamani iliyopigwa pasi.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote katika mjadala huu, na wengi wanaotetea amali hujifanya hawajaisikia. Foster alikuwa sahihi kwamba kijana huchagua shule kwa kuangalia malipo ya kazi iliyoko mbele, na kwamba hotuba za viongozi juu ya heshima ya kazi za mikono hazimdanganyi. Utafiti wa 1985 nao ulifanywa kwa uangalifu. Hata hivyo unapaswa kusomwa pamoja na mwaka wake. Wahitimu waliofuatiliwa Tanzania walikuwa wametoka shuleni muda mfupi tu, na wengi walikuwa bado masomoni au mafunzoni, kwa hiyo kilichopimwa ni mwanzo wa safari. Soko lenyewe lilikuwa la namna yake: mwajiri mkubwa alikuwa serikali na mashirika ya umma, na fundi wa kujitegemea alikuwa akitazamwa kwa jicho la mashaka. Mwaka 1983 ndio mwaka wa Nguvu Kazi, kampeni ya kuwakusanya watu wa mijini wasio na kazi inayotambulika na kuwapeleka mashambani. Katika mazingira hayo, kijana mwenye ujuzi wa kushona au kuchomelea angeonyeshaje faida ya ujuzi wake kwenye takwimu za ajira, wakati biashara yake ndogo ingeweza kuhesabiwa kuwa uzururaji? Leo umeme umefikishwa karibu kila kijiji, na kila nyumba inayotaka kuunganishwa inahitaji mtu wa kutandaza nyaya. Reli ya kisasa imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Pikipiki na bajaji zimejaa barabarani na zinaharibika kila siku. Soko la Foster na la 1985 limesogea, ingawa halijafika kote.

Kuna jambo jingine ambalo Mchumi mwenyewe analiachia mlango. Utafiti ule ulilinganisha shule kwa jina la mchepuo wake. Kilichokuwa kikitokea ndani ya kipindi cha ufundi, mwalimu alikuwa nani na mikono ya mwanafunzi ilishika nini, ni swali jingine. Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliitangaza Machi 1967, ilitaka shule iwe sehemu ya maisha ya kazi ya jamii. Katika shule nyingi ilikuja kumaanisha jembe baada ya masomo: mwalimu wa zamu anasimama kivulini na fimbo, watoto wanapalilia shamba, mazao yanauzwa, na mtihani wa mwisho hauulizi lolote kuhusu udongo, mbegu wala hesabu ya mauzo. Kulima kulikuwapo, tena kwingi. Kilichokosekana ni mtu wa kukigeuza kilimo kuwa somo, kwa sababu mwalimu aliyekuwapo aliandaliwa kufundisha jiografia au historia na hakuna aliyemwandaa kwa jingine. Kenya nao walipita humo humo. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulijaza shule masomo ya useremala, sayansikimu na sanaa, wazazi wakachangishwa kujenga karakana, na masomo hayo yakaja kupunguzwa baadaye kwa kuwa mzigo umezidi uwezo wa shule. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba amali ilijaribiwa ikashindwa, nauliza kama kweli ilijaribiwa. Jembe lilijaribiwa. Jengo lilijaribiwa.

Fundi: Naomba nami niseme, maana mnaongea juu yangu kama sipo. Mwalimu wangu, usinielewe vibaya, nawaheshimu waliosoma. Lakini hebu tuchukue hii kazi ya umeme wa majumbani. Swichi ya ngazini, ile unawasha chini na kuzima juu, unaweza kuichora ubaoni kwa dakika kumi, na mtoto mwenye akili akainakili bila kosa. Sasa mpe koleo, bisibisi na waya. Akichubua kwa kisu huku anazungusha, anaichanja ile shaba ya ndani. Hutaona kitu, ila siku mtu akivuta soketi kidogo, waya unakatikia mlemle. Au anakaza skrubu imekaa juu ya plastiki badala ya shaba. Taa itawaka. Mkaguzi atakuja, atawasha, atazima, ataweka tiki. Baada ya miezi pale panaanza kupata moto, plastiki inakuwa ya kahawia, harufu inatoka, na nyumba ikiungua watasema hitilafu ya umeme. Mimi kijana wangu namjua kwa kuvuta tu. Akimaliza kukaza, navuta kila waya mmoja mmoja kwa vidole. Ukitoka, anarudia. Hiyo kuvuta haimo kwenye kitabu, na aliyesoma kitabu tu hatajua kwamba inatakiwa.

Mwalimu: Fundi, shikamoo kwanza. Nimekusikia, na mfano wako ni mzuri. Ila niruhusu nikuulize kitu kwa heshima zote: vijana wangapi wamepita karakana yako wakaondoka bila kujua kwa nini waya huo upate moto? Wanajua uvutwe, hawajui nguvu ya mkondo inahusiana vipi na ukinzani. Wakikutana na mfumo wa sola ambao wewe hukuwahi kuufunga, wanakwama. Kijana wa gereji anafundishwa kwa kufagia mwaka mzima, kwa kutumwa chai, kwa kuzabwa kofi akikosea. Hiyo nayo tuiite elimu? Na kuna la pili, ambalo linaniuma. Mwanzoni mwa 2025 watu wapatao laki mbili waliitwa kwenye usaili wa kugombea nafasi za ualimu zisizofika elfu kumi na tano. Mimi ni mmoja wa hao laki mbili. Nimesomea ualimu, nimekwenda BTP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni, nimefundisha kwa kujitolea. Leo taifa likipata nafasi mpya, mnataka zitolewe kwa mtu ambaye hajawahi kuandika hata andalio la somo?

Hapa ndipo mjadala huwa unageuka ugomvi wa vyeti, na ndipo mimi naona pana kazi ya sera. Fundi na Mwalimu wote wana haki, kila mmoja kwa nusu anayoijua. Anachokijua Fundi ni maarifa kamili. Ule utaratibu wa kuvuta kila waya ni upimaji endelevu kuliko mwingi unaoandikwa kwenye maandalio ya somo, kwani kosa linakamatwa hapo hapo na sababu yake inaonekana kwenye mkono wa aliyelitenda. Anachokisema Mwalimu kuhusu kofi na ufagio nacho ni kweli, na anayetaka kuhamishia desturi za gereji shuleni bila kuzichuja atakuwa amewadhuru watoto wa miaka kumi na mitatu. Tofauti ni kwamba nusu moja ya maarifa haya ina njia ya kuingia katika utumishi wa umma na nusu nyingine haina. Tazama tangazo lolote la ajira za walimu. Daraja la IIIA ni la mwenye astashahada, IIIB la mwenye stashahada, IIIC la mwenye shahada. Ngazi hiyo inapandwa kwa cheti cha darasani. Mtu aliyetandaza umeme katika nyumba mia mbili, akafundisha vijana ishirini ambao leo wana karakana zao, hana herufi yake katika orodha hiyo. Angekuwa na stashahada ya ualimu na hajawahi kushika koleo, angekuwa nayo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba vipande vya kuliziba pengo hili tayari vipo, vimetawanyika tu. VETA imekuwa ikiendesha utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi wa mtaani anapimwa kwa kazi, mapungufu yake yanafundishwa, kisha anapewa cheti. Morogoro kuna chuo cha ualimu wa ufundi stadi kilicho chini ya VETA hiyo hiyo, ambacho kazi yake ni kumchukua mtu mwenye fani na kumpa mbinu za kufundisha. Kinachokosekana ni daraja la utumishi mwishoni mwa njia hiyo, yaani cheo cha mwalimu wa fani katika sekondari chenye mshahara unaohesabu miaka ya kazini, pamoja na uwezekano wa mkataba wa siku mbili au tatu kwa wiki. Fundi mzuri hataifunga karakana yake Gerezani au Keko ili awe mtumishi wa kudumu mwenye mshahara wa kuanzia. Anaweza kukubali kufundisha Jumanne na Alhamisi, na karakana yake ikawa mahali ambapo wanafunzi wanaenda kufanya mazoezi likizo. Mwajiri wa serikali hajazoea kuajiri hivi. Ataulizia pensheni, ataulizia nidhamu, ataulizia nani anasaini mahudhurio. Maswali hayo yana majibu, na Tume ya Utumishi wa Walimu na wizara wanaweza kuyaandika katika waraka mmoja wakitaka.

Na Mwalimu wetu? Simwambii akae pembeni. Kati ya hao laki mbili wapo wengi wa fizikia, kemia na hisabati ambao mkondo wa amali unawahitaji sana, kwa sababu swali la ukinzani haliwezi kujibiwa kwa vidole tu. Ninachopinga ni kumgeuza kuwa mwalimu wa umeme kwa semina ya wiki chache. Mpe miezi kadhaa ya kulipwa ndani ya karakana, chini ya mtu kama huyu Fundi, akikosea na kusahihishwa, kabla hajakabidhiwa darasa la fani. BTP ya mwalimu wa amali ingepaswa kuwa na sehemu mbili, moja shuleni na moja kazini, na asiyefaulu ya kazini asifundishe fani hata kama amepata daraja la kwanza chuoni. Hapo wawili hawa hawagombei kiti kimoja tena. Wanafundisha somo moja kwa zamu, na kila mmoja anamwongezea mwenzake asichonacho. Kuna kikwazo cha lugha ambacho sijasikia kikisemwa vya kutosha: sekondari yetu kwa sehemu kubwa hufundisha kwa Kiingereza, na kazi yote ya Gerezani inafanyika kwa Kiswahili. Tukimtaka Fundi afundishe kwa lugha ambayo hafanyii kazi, tutakuwa tumemfungia mlango kwa mkono wa pili. Aachwe afundishe karakana kwa Kiswahili, na istilahi za Kiingereza mwanafunzi azipate kwa mwenzake wa nadharia.

Afisa: Yote haya ni mazuri kusikia, Bwana Mwandishi, lakini wewe huandiki bajeti. Mwalimu mmoja wa historia anafundisha wanafunzi themanini kwa chaki na ubao. Wewe unataka walimu wawili kwa kundi dogo, na waya, na koleo, na karakana. Pesa ziko wapi? Tuna shule zisizo na madawati. Tuna walimu wa hisabati wasiotosha. Hatuwezi kuivisha amali suti wakati masomo mengine yako peku.

Ni kweli amali ni ghali, na anayesema vinginevyo hajawahi kununua vifaa vya kujifunzia. Ruzuku ya uendeshaji iliyozoeleka kwa mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kiliwekwa kwa ajili ya karatasi, chaki na mitihani. Darasa la kuchomelea linamaliza vijiti kila kipindi, chuma kilichokatwa vibaya hakirudi kuwa kizima, na kitambaa kilichopitiwa na mkasi wa mwanafunzi anayejifunza kimeshapotea. Shule isipopata fedha za malighafi, mwalimu atafanya kile ambacho kila mwalimu mwenye busara angefanya: atafunga karakana, atachora ubaoni, na watoto watakariri sehemu za cherehani. Lakini swali la pesa ziko wapi lina jibu lisilopendeza. Nchi hii ina tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ambayo waajiri wanailipa kulingana na mishahara ya wafanyakazi wao. Ilikuwa asilimia 6, ikashushwa kidogo kidogo hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ya makusanyo ndiyo iliyokwenda VETA, na theluthi mbili zikaenda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Waajiri wamelalamika mara kwa mara kwamba wanalipia ufundi na hawauoni. Mikopo ya chuo kikuu ni jambo jema na ina wadai wenye sauti kubwa. Mtoto wa kidato cha pili anayehitaji mita kumi za waya hana sauti hiyo. Kama serikali inaamini inachokisema kuhusu amali, hata sehemu ndogo ya zile theluthi mbili, ikielekezwa kwa malighafi na kwa mishahara ya mafundi wa mkataba, ingetosha kuonyesha.

Mchumi: Sawa, tuseme pesa zimepatikana na walimu wamepatikana. Bado hujanijibu kuhusu matabaka. Mtoto atagawiwa mkondo akiwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Wa mwenye nacho ataenda mkondo wa jumla, atasomeshwa sheria na udaktari. Wa mkulima ataambiwa ana kipaji cha uashi. Wakoloni nao walituambia hivyo hivyo, kwamba Mwafrika anafaa kwa kazi za mikono.

Hofu hii siiondoi kwa maneno matamu, maana ina mizizi ya haki. Sera inajitetea kwamba mikondo yote miwili ina masomo ya jumla, kwamba vyeti ni viwili, na kwamba mhitimu wa amali hajafungiwa njia ya kuendelea juu. Utetezi huo ni mzuri kwenye karatasi. Mzazi atapima kwa jambo moja: mtoto wa jirani aliyemaliza amali anafanya nini, na analipwa shilingi ngapi. Ndiyo maana nasisitiza mwalimu. Mkondo unaofundishwa na watu wanaoheshimiwa kazini, ambao mhitimu wake anaweza kufunga umeme ukapita ukaguzi, hautakuwa jalala la waliofeli, kwa sababu hata wenye nacho watautaka. Shule za ufundi za Moshi, Ifunda na Tanga hazikuwahi kuwa mahali pa kutupia watoto walioshindwa. Kuingia humo kulikuwa kwa ushindani, na wahitimu wake walijulikana. Cheti nacho kiunganishwe na ruhusa ya kazi. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ndiyo hutoa leseni za kufunga mifumo ya umeme kwa madaraja. Mwanafunzi wa fani hiyo akijua tangu kidato cha kwanza kwamba akifaulu mtihani wa vitendo ataingia daraja la chini la leseni bila kuzungushwa, Foster angekuwa wa kwanza kutabiri kwamba foleni ya kujiunga itakuwa ndefu. Cheti kisichofungua leseni wala zabuni kitasomwa na vijana kama kilivyo.

Mwalimu: Nakubali mengi, ila ni kama unasema tusubiri. Sisi tumesubiri sana. Ukipunguza kasi ya kupanua amali, na ajira zetu zinapungua.

Fundi: Mwanangu, nyumba ikiezekwa kabla ya ukuta kukauka, hujapata nyumba. Mimi sina haraka ya kuwa mwalimu. Nataka wakinichukua, wanichukue vizuri.

Sisemi kila kitu kisimame. Nasema kasi ya kuongeza shule za amali ifungwe kwenye idadi ya walimu wa fani waliopitia kazini, na shule mpya zianzie pale ambapo mafundi wapo tayari: Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Arusha, Moshi, na kwa kilimo na ufugaji katika wilaya zenye wakulima na wafugaji walio tayari kupokea wanafunzi. Wilaya isiyo na mafundi wa kutosha ina chuo cha maendeleo ya wananchi au itapata cha VETA. Wanafunzi waende kutumia karakana ya huko badala ya kujengewa yao itakayokaa na kufuli. Haraka iliyopo ina tarehe. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya watamaliza elimu ya msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wa mwisho wa darasa la saba nao wanamaliza. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Afisa anaposema walimu watakuja, hiyo ndiyo siku anayoizungumzia, na kumwandaa mwalimu wa fani kwa njia niliyoieleza kunachukua si chini ya mwaka mmoja na nusu baada ya waraka kusainiwa.

Kwa hiyo kipimo changu hakiko kwenye hotuba ya bajeti wala kwenye picha za uzinduzi wa karakana. Kiko kwenye tangazo lijalo la ajira za walimu, kwenye kile kipengele cha sifa za mwombaji, chini ya fani ya umeme au ushonaji. Pakiandikwa shahada au stashahada peke yake, Fundi atalisoma hadi mwisho, atalikunja na kurudi kazini. Pakiandikwa kwamba cheti cha ujuzi uliotambuliwa, miaka kadhaa ya kazi inayothibitika, na mafunzo ya ualimu ya Morogoro vinakubalika, na kwamba mkataba wa siku chache kwa wiki unaruhusiwa, basi Mchumi na mimi tutakuwa na kitu kipya cha kupima.